ILE MIDOMO HAIKUWA MKOROGO, TUMUOMBE RADHI YULE MDADA

Leo sina umbea. Leo nina deni.

Mnamkumbuka yule mdada MC wa harusi, jina tuliache, ambaye picha zake zilisambaa midomo ikiwa myeusi tii na doa la duara mkononi? Tulimsema jamani! Wengine mkorogo umemkataa, wengine "ngoma", wengine eti karogwa na mke wa mtu. Na mimi nilicheka, tena hadharani.

Juzi nimekutana naye Msamvu akanipa ukweli. Kumbe ni dawa ya maumivu. Kila akiingia kwenye siku zake tumbo linamkata, ananunua diklofenaki duka la dawa, anameza, anaenda kushika maiki. Baada ya saa chache midomo inawasha, inawaka moto, na doa linarudi palepale, jeusi kuliko mwanzo. Alipofika kwa daktari wa ngozi, swali la kwanza lilikuwa: "Unatumia dawa gani?" Sisi wote tuliojifanya wajuaji hakuna hata mmoja aliyemuuliza hilo.

Hii kitu ipo na inajulikana. Mwili wa mtu unaikataa dawa, na kila akiimeza alama inarudi sehemu ileile: mdomoni, mikononi, hata sehemu za siri. Hapo sasa mtu anaambiwa ana gonjwa la zinaa, ndoa inavunjika bure. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, hata panadol mara chache, zote zinaweza kuleta.

Sisemi dawa ni mbaya, wengi zinawasaidia. Ila tunazimeza kama karanga. Wabeba mizigo ya mboga za Mgeta, bodaboda wa Kihonda, mgongo ukiuma tu "nigawie kimoja". Mwenzio kinamfaa, wewe kinaweza kukubabua.

Na kuna kubaya zaidi. Umeanza dawa mpya, ndani ya wiki chache unapata homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, ngozi inauma na kubabuka kama umemwagikiwa maji ya moto? Acha dawa, kimbia hospitali siku hiyohiyo. Madaktari wanaiita Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioieleza mwaka 1922. Inaua.

Kinachoniuma ni hiki: mdada aliona aibu kwa maneno yetu, akaficha na lipstiki, akaendelea kumeza miezi kibao. Umbea wetu ndio uliomchelewesha.

Kwa hiyo ukikuta doa, andika jina la dawa uliyomeza kwenye simu yako, litaje kila unapoenda kutibiwa au kununua dawa. Mwambie mhudumu apeleke taarifa TMDA, hiyo ni kazi yao. Na ukiona picha ya mtu kabadilika, uliza kwanza kabla hujacheka.

Dada, nisamehe. Wadau, nani mwingine yamemkuta? Tiririka hapo chini, bila matusi.