Vitufe Kumi, Utaratibu Mmoja

Wanafunzi wengi wanaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hupewa zoezi moja mashuhuri: kutengeneza kikokotoo chenye vitufe vya tarakimu, ambavyo mtumiaji huvibofya kwa kipanya. Zoezi lenyewe ni jema. Linalostahili kupingwa ni namna linavyofanywa. Mwanafunzi huandika amri za kitufe cha kwanza, kisha huzinakili tena na tena kwa vitufe vyote vilivyobaki, akibadilisha tarakimu tu. Programu hufanya kazi, mwalimu hutia alama ya vema, na kipindi huisha. Kwa maoni yangu, hapo somo bado halijaanza.

Kwanza yafaa tuelewe kitufe ni nini. Kwenye skrini hakuna kitufe. Kuna mchoro wa mstatili tu. Tangu Douglas Engelbart alipoonyesha kipanya hadharani huko San Francisco, Marekani, tarehe 9 Desemba 1968, jambo la msingi halijabadilika: kompyuta hutunza namba mbili zinazotaja mahali kishale kilipo, na programu huamua kama mahali hapo pamo ndani ya mstatili fulani au nje yake. Kwa hiyo kila kitufe ni namba nne: mbili za pembe yake ya juu kushoto, moja ya upana na moja ya kimo. Vitufe kumi ni orodha ya namba nne-nne, na utaratibu mmoja unatosha kuipitia orodha hiyo na kuuliza kila mara: Je, kishale kimo humu?

Mwenye duka haajiri msaidizi mmoja wa sukari, mwingine wa chumvi na mwingine wa sabuni. Huweka msaidizi mmoja anayemwuliza mteja anataka nini. Programu nzuri hufanya vivyo hivyo.

Jambo hili laweza kufundishwa hata mahali ambapo kompyuta ni chache. Mwalimu achore kwenye karatasi ya grafu vitufe 9 katika safu 3 zenye vitufe 3 kila moja, vikiwa vimegusana, kila kimoja kikiwa na upana wa vipimo 60 na kimo cha vipimo 40. Aeleze kwamba kwenye skrini tunahesabu kutoka pembe ya juu kushoto, na namba ya pili huongezeka tunaposhuka, kinyume cha grafu za hisabati. Kisha aulize: kishale kikiwa kwenye (130, 90), ni kitufe gani kimebofywa? Gawanya 130 kwa 60, upate 2 na baki. Gawanya 90 kwa 40, upate 2 na baki. Mabaki tuyaache. Zidisha safu 2 kwa 3, ongeza nguzo 2, upate 8. Kwa kuwa tulianza kuhesabu na 0, hicho ni kitufe cha 9. Hesabu ya shule ya msingi imejibu swali la kompyuta.

Wapo watakaosema kwamba kunakili ni rahisi kwa anayeanza, na kwamba njia ya orodha ina mitego yake. Ni kweli mitego ipo. Katika lugha ya Python, mwanafunzi anayetumia Tkinter aweza kutengeneza vitufe 0 hadi 9 kwa kitanzi kimoja, akakiagiza kila kitufe kionyeshe thamani ya kigeu kinachohesabu. Vitufe hutokea vizuri, lakini chochote atakachobofya humpa 9! Sababu ni kwamba agizo halikuhifadhi thamani. Lilihifadhi jina la kigeu, nalo husomwa wakati wa kubofya, kitanzi kikiwa kimekwisha na kigeu kikiwa kimebaki na 9. Dawa ni kukipa kila kitufe nakala yake ya thamani pale kinapotengenezwa. Lakini mtego huu ni hazina kwa mwalimu: humlazimisha mwanafunzi kutofautisha jina na thamani, na wakati wa kuagiza na wakati wa kutenda. Anayenakili hakutani na swali hilo kamwe.

Tena, urahisi wa kunakili ni wa siku ya kwanza tu. Tuchukue mfano wa programu ya zahanati inayokadiria kiasi cha dawa kwa uzito wa mtoto, yenye kitufe kwa kila kundi la uzito. Kanuni ikibadilika, aliyenakili hana budi kusahihisha mahali pengi. Akisahau pamoja, kosa litalala kimya mpaka siku kitufe hicho kitakapobofywa, na atakayelilipia ni mgonjwa. Palipo na utaratibu mmoja, kosa huonekana mapema, na husahihishwa mara moja.

Basi walimu wamwachie mwanafunzi aandike kitufe cha kwanza na cha pili kwa mkono. Afikapo cha tatu, aulizwe: ni nini kinachobadilika, na ni nini kinachobaki? Swali hilo ndilo lililowapa wanahisabati aljebra. Samaki mkunje angali mbichi. Aliyezoeshwa kunakili katika kidato cha kwanza atatufikia chuoni akiwa amekauka.