KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Katika kijiji cha Aberhosan, nchini Wales, wananchi walikaa miezi 18 wakisumbuliwa na taabu ya namna moja. Kila siku, ilipotimu saa 1 asubuhi, intaneti yao ilikatika au kulegea. Mafundi wa Openreach, kampuni inayotunza nyaya za simu za huko, walipima laini wakaiona nzima. Walibadilisha sehemu kubwa ya nyaya, na taabu haikuondoka. Hatimaye walifika kijijini kabla ya saa hiyo, wakiwa na chombo cha kupimia mawimbi, wakazunguka katika mvua na kungoja. Saa 1 ilipowadia chombo kikapokea mshindo mkubwa wa umeme. Wakaufuata hadi nyumba moja, wakakuta kwamba mwenye nyumba alikuwa akiwasha televisheni kuukuu kila asubuhi. Mtu huyo hakuwa na habari ya madhara aliyoyatenda. Alipoelezwa aliona haya sana, akakubali kutoiwasha tena. Habari hiyo ilitangazwa Septemba 2020, na jina lake halikutajwa.

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, jambo hili lina mafunzo kwetu. Askari aliye zamu mbali na nyumbani husikia sauti ya mkewe na watoto wake kwa njia ya laini hiyo hiyo. Inapokatika, moyo wake hauna raha, na mara nyingi lawama huangukia jirani au fundi kabla ya uchunguzi wo wote kufanywa.

Yafaa kwanza kujua asili ya makelele hayo. Sauti ya binadamu katika simu hutumia mitetemo isiyozidi takriban 4,000 kwa sekunde. Intaneti inayopita katika waya huo huo wa shaba hutumia mitetemo ya juu zaidi, kuanzia takriban 25,000 na kupita milioni 1 kwa sekunde. Humo ndimo yalimo pia mawimbi ya redio ya masafa ya kati. Kwa hiyo waya wa simu, hasa ulio mrefu na mbovu, hugeuka kuwa erio, ukakusanya uchafu wote wa umeme ulio jirani. Ni kweli kwamba nyuzi mbili za waya husokotwa pamoja ili makelele yafutane, hila ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hati mwaka 1881. Lakini kiungo kikiota kutu, au waya wa ziada ukiunganishwa upande mmoja tu, usawa huo huharibika na makelele hupata mlango.

Basi mwenye nyumba afanye nini? Kwanza, aunganishe mashine yake na modemu kwa waya. Taabu ikiisha, kosa si la laini bali ni la mawimbi ya hewani ndani ya nyumba. Pili, ainue mkono wa simu, abonyeze tarakimu moja ili mlio ukome, kisha asikilize. Kukiwa na mkwaruzo, hasa baada ya mvua, kuna kiungo kibovu, nayo ni kazi ya fundi wa simu. Tatu, aondoe nyaya zote za nyongeza, na modemu aichomeke katika soketi ya kwanza, pale laini inapoingilia nyumbani. Ikitulia hapo, adui yumo ndani ya nyumba. Nne, ahakikishe kila simu ina kichujio chake. Tano, asome katika modemu akiba ya nguvu iliyobaki juu ya makelele. Laini nyingi hupangiwa desibeli 6. Akiba ikishuka karibu na sifuri, laini hukatika.

Baada ya hayo aandike saa ya kila tukio, kama vile askari wa zamu aandikavyo katika kitabu chake. Kosa lenye saa maalumu lina mwenyewe. Achukue redio ndogo ya masafa ya kati, aiweke mahali pasipo kituo, apite nayo chumba kwa chumba huku akizima chombo kimoja kimoja. Chaja duni, taa au mota yenye hitilafu itajifichua kwa ngurumo. Wala asizime na kuwasha modemu kila mara kwa hasira, kwa sababu mitambo ya upande wa pili huweza kudhani kwamba laini ni dhaifu, ikaipunguzia kasi.

Ni kweli kwamba katika nchi nyingi waya wa shaba unaiachia nafasi nyuzi za kioo, ambazo hazidhuriwi na makelele ya umeme. Lakini mafunzo ya Aberhosan hayatapitwa na wakati. Nyaya zilibadilishwa kabla ya chanzo kujulikana, na gharama hiyo haikuleta nafuu. Kazi ilifanikiwa siku ile mafundi walipokwenda mahali penyewe, saa yenyewe, na chombo kifaacho. Hivyo ndivyo upelelezi wa haki ulivyo. Anayekamata watu kumi ili ampate mmoja hajapeleleza, bali amebahatisha, na wale tisa hawatausahau uonevu huo.

Aidha, aliyekutwa na kosa hakuwa adui. Alielezwa kwa heshima, akatii, na kijiji kikapata amani bila ya mtu kufedheheshwa. Maoni yetu ni kwamba mwenye silaha na mamlaka hana budi kuwa na subira kuliko wote. Laini ikinguruma, na achunguze kwanza soketi yake mwenyewe kabla ya kugonga mlango wa jirani.