Usalama wa baiskeli Dar: Mhandisi atangulie, trafiki afuate

MABASI yaendayo haraka yalipoanza kutoa huduma jijini Dar es Salaam Mei 2016, macho ya wengi yalikuwa kwenye mabasi yenyewe. Wachache walitazama pembeni, ambako Barabara ya Morogoro ilikuwa imepata kitu ambacho barabara nyingi za jiji hazikuwa nacho: njia ya baiskeli iliyotengwa na magari.

Njia hiyo ipo, lakini muuza mikate anayetoka Manzese na kreti nyuma ya baiskeli huitumia vipande vipande. Hapa bodaboda inamjia uso kwa uso, pale gari limeegeshwa, mbele kuna meza ya biashara. Akikwepa, anaangukia kwenye msururu wa magari.

Lawama hutupiwa askari wa usalama barabarani kwamba hawakamati. Ni lawama nyepesi. Askari hawezi kusimama kila mita 100 usiku na mchana. Nguzo ya zege yaweza, japo pikipiki itapenya palipoachwa nafasi ya baiskeli.

Ushahidi uko jijini humo humo. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, uliolenga shule za msingi, ulijenga njia za miguu, matuta na vivuko. Kwingine lango la shule lilihamishwa tu kutoka upande wa barabara yenye magari mengi. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya miji ya taasisi ya WRI ya Marekani, baada ya utafiti kuonyesha kuwa majeruhi wamepungua kwa takriban robo.

Kiini cha yote ni mwendo. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa hubeba nishati mara nne ya lile la kilometa 30, na mwenye baiskeli hana bodi ya kumkinga. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 ilikadiria vifo vya barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, zaidi ya nusu vikiwa vya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki.

Mtihani sasa uko mitaani, kwenye barabara zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Wakazi huomba lami kwa miaka. Ikija bila tuta wala njia ya miguu, magari huongeza mwendo siku hiyo hiyo, na wakazi hao hao hutoka na sepetu kujiwekea matuta yao ya udongo.