Andromeda Alikuwa Maji ya Kunde

Titian, mchoraji wa Venice, alipomchorea Mfalme Philip wa Pili wa Hispania visa vya miungu ya kale, aliziita picha zile mashairi. Basi nasi washairi tunayo haki ya kuzihakiki.

Mojawapo, ya miaka ya 1554 hadi 1556, leo imo katika jumba la Wallace Collection, London. Andromeda, binti mfalme wa Ethiopia, amefungwa minyororo mwambani ili aliwe na joka la baharini, kwa kuwa mama yake alijigamba kwa urembo. Perseus anashuka kutoka angani na upanga kumwokoa. Bahari imechafuka, joka linatisha. Lakini Mwethiopia huyo ni mweupe pe!

Kisa hiki kilisimuliwa na Ovid, mshairi wa Kirumi. Alisema Perseus angemdhania binti yule kuwa sanamu ya marumaru, lau si upepo uliopeperusha nywele zake na machozi yaliyomtiririka. Kwa maoni yangu, tashibihi hiyo ni ya utulivu, si ya rangi. Kwingineko Ovid huyo huyo alieleza kuwa Andromeda alikuwa na weusi wa nchi yake, na kwa weusi huo alimpendeza Perseus.

Kosa hili si la Ulaya peke yake. Vijana wanaoniletea beti zao hapa Matwebe humsifu mpenzi kuwa mweupe kama theluji, kitu wasichopata kukiona, ilhali wanakanyaga udongo mweusi wa volkano ya Rungwe, na Kiswahili kimewapa "maji ya kunde". Msichana anayesomewa ubeti huo hujitafuta ndani yake asijione. Wako wanaoishia kujipaka mkorogo. Tashibihi ya kuazima humfuta anayesifiwa, na mshairi hawezi kusema hayamhusu.

Nami namjibu Titian kwa ubeti:

*Mchoraji u hodari, sifa nyingi umepata,*
*Umechora na bahari, na joka linalotweta,*
*Bali rangi ya johari, mbona hapa umefuta?*
*Maji ya kunde mzuri, kwa ubeti namleta.*

Malenga wenzangu, endelezeni, au nipingeni, kwa bahari yoyote muitakayo. Ila theluji tuwaachie wanaoijua.