Goma: Kisu na esansi havitengenezi ordinateri, vinaiua

Kuna tabia katika baadhi ya karakana za ordinateri mjini Goma ambayo inapashwa kukoma. Mashini ikipata joto na kujizima, fundi anaifungua, anakwangua kwa kisu gundi ya zamani iliyo kati ya prosesa na radiateri, anapangusa kwa esansi, anafunga, anaomba pesa. Siku chache tu, mashini inajizima tena, na mwenyewe analipa mara ya pili.

Anayeumia zaidi ni kijana mkimbizi wa ndani aliyeokoa mashini moja tu. Kwake hiyo ndiyo shamba. Anaandikia watu barua, maombi ya kazi na karatasi za waliopoteza vitambulisho njiani. Mashini ikikufa, jamaa nzima inakosa chakula.

Radiateri ni kipande cha shaba ao aluminiamu kinachobeba joto la prosesa. Kisu kinachimba mifereji juu yake, hewa inabaki humo, na hewa haipitishi joto vizuri. Katika ordinateri nyingi za kubeba, prosesa haina kifuniko cha chuma: ncha ya kisu inaweza kuivunja. Esansi nayo inaacha mafuta, na karibu na moto inaweza kuunguza nyumba.

Kazi safi haihitaji maajabu. Betri itolewe kwanza. Grisi iliyokauka inaondolewa kwa kadi ya plastiki, kisha kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoli ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji: lazima sehemu ikauke kabisa.

Gundi iliyogeuka ngumu kama jiwe ni jambo lingine. Kuvuta radiateri kwa nguvu kwenda juu kunaweza kung'oa chipu kutoka kwenye bodi. Inazungushwa polepole, kushoto na kulia, mpaka ilegee. Asetoni inaweza kulainisha mabaki, lakini inayeyusha plastiki nyingi, basi itumiwe tu juu ya radiateri iliyokwisha kutolewa. Mwisho, grisi mpya, kidogo tu, juu ya nyuso safi.

Fundi atasema alkoli ni bei kali. Lakini mashini moja inahitaji matone machache, chupa moja inahudumia wateja wengi. Prosesa iliyovunjika, nani atailipa? Mpaka leo ni mteja, na hiyo si haki.

Wenye mashini, ulizeni mapema: utasafisha kwa nini? Ombeni kuona radiateri kabla haijarudishwa. Iking'aa bila mikwaruzo mipya, lipeni kwa furaha. Fundi akikataa kuionyesha, bebeni mashini yenu kwa mwingine. Mafundi wazuri wapo Goma, na ndio wanaostahili pesa ya mkimbizi.