Fedha ya Mji wa Bandari: Suala la Chanzo cha Utajiri katika Bunilizi za Kifantasia

Wahakiki wa bunilizi za kifantasia wamezoea kuanza na majoka, wachawi na safari za mashujaa, na kuishia kwenye ishara na visasili. Ni nadra mhakiki kusimama gatini na kuuliza swali ambalo karani yeyote wa forodha angelianza nalo: mji huu wa bandari, wenye masonara, wakopeshaji na nyumba ya kupigia sarafu, unapata wapi fedha yake? Swali hili huonekana dogo, pengine la kitoto. Makala haya yanashikilia kwamba ni swali la kifasihi hasa, na kwamba namna mtunzi anavyolijibu, au anavyolikwepa, hudhihirisha ni akina nani anaowahesabu kuwa watu katika ulimwengu aliouumba.

Kiswahili kinampa mhakiki mahali pazuri pa kuanzia. Neno fedha, lililotokana na Kiarabu, hubeba maana mbili: madini meupe na pesa za matumizi. Upatanisho wa kisarufi aghalabu ndio unaozitenganisha. Fedha ilichimbwa, fedha zilitumika. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa Kiswahili fedha ya mji imetoka wapi, anauliza mambo mawili kwa pumzi moja: madini yenyewe yalichimbuliwa wapi, na mali ya wenye mji ililimbikizwaje. Kiswahili si cha pekee katika hili, kwani Kifaransa nacho hutumia neno moja kwa yote mawili. Hata hivyo, lugha ambamo riwaya nyingi za kifantasia zinazosomwa vyuoni zimeandikwa, yaani Kiingereza, huyatenga. Si ajabu basi kwamba watunzi wake hujibu swali la pili kwa kirefu, wakieleza ushuru, riba na misafara ya meli, na kulisahau la kwanza.

Mfano ulio wazi umo katika mfululizo wa riwaya za George R. R. Martin, ulioanza kuchapishwa mwaka 1996. Katika milki yake ya kaskazini kuna mji wa bandari uitwao White Harbor, uliopo kwenye mlango wa mto, chini ya ukoo wa Manderly. Katika riwaya ya pili, A Clash of Kings, ya mwaka 1998, kaskazini imekwisha kujitangazia ufalme wake. Bwana Wyman Manderly analeta mapendekezo mawili: mji wake umpigie mfalme mpya sarafu, tena umjengee jeshi la merikebu. Pendekezo ni la busara, na Martin ameonyesha jicho kali la kisiasa kwa kuyaweka pamoja mambo hayo mawili, kwa sababu utawala usio na sarafu yake huishi kwa hisani ya mwingine. Lakini msomaji anayaona mapendekezo hayo akiwa mezani, pamoja na wakubwa. Hateremshwi mgodini. Hamjui mchimbaji hata mmoja wa fedha ile ambayo ufalme mzima unatarajiwa kuiegemea.

Historia ina kisa kinachokaribiana na hiki kiasi cha kushangaza. Mwaka 483 KK, katika machimbo ya Laurion, kusini mashariki mwa Athens, ilipatikana fedha nyingi kuliko ilivyozoeleka. Raia walikuwa karibu kugawana mapato hayo. Themistocles akawashawishi yatumike kujenga merikebu za vita, ambazo Herodotus anazitaja kuwa 200. Miaka mitatu baadaye merikebu za Athens ndizo zilizokuwa nguzo ya ushindi wa Wagiriki huko Salamis. Hapa pana sarafu, jeshi la bahari na bandari, kama katika mapendekezo ya Bwana Manderly. Tofauti ni kwamba Wagiriki wenyewe wametuachia habari za chini ya ardhi. Xenophon anaeleza jinsi Nicias, tajiri na jemadari wa Athens, alivyokodisha watumwa 1,000 wafanye kazi machimboni, akilipwa oboli moja kwa siku kwa kila kichwa, na kwa sharti kwamba idadi yao isipungue. Sharti hilo la mwisho linafaa kusomwa mara mbili. Linasema bila kutamka kwamba watu walikuwa wakifa na nafasi zao zikijazwa.

Haidaiwi hapa kwamba kila riwaya ya kifantasia iwe na sura ya mgodini. Kinachodaiwa ni kwamba fedha haina budi kuwa na njia, na njia hiyo ina watu. Dubrovnik, mji wa bandari wa Bahari ya Adriatiki, haukuwa na mgodi ndani ya kuta zake. Katika zama za kati ulitajirika kwa kusafirisha ng'ambo fedha iliyotoka Bosnia na Serbia, na wafanyabiashara wake walifanya makazi katika miji ya machimbo kama Srebrenica na Novo Brdo. Jina lenyewe la Srebrenica limetokana na neno la Kislavi la fedha. Kwa mtunzi, huo ni utajiri mkubwa wa kisimulizi: mji wa pwani unaotegemea milima usiyoitawala, wachimbaji Wajerumani walioitwa kutoka mbali kwa ujuzi wao, mfalme wa bara anayeweza kuifunga njia. Hapo kuna riwaya nzima, na haihitaji joka.

Mfano wa Potosí, katika Bolivia ya leo, unatisha zaidi. Madini yaligunduliwa huko mwaka 1545, mahali palipoinuka karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia miaka ya 1570 gavana mkuu Francisco de Toledo aliipanga shokoa iliyojulikana kama mita, ambayo kwa utaratibu wake zaidi ya wanaume 13,000 walipaswa kuletwa kila mwaka kutoka vijiji vya milimani. Fedha ilisafishwa kwa zebaki, sumu iliyowadhuru walioikanyaga pamoja na udongo wa madini. Kisha ikateremshwa kwa misafara ya llama na nyumbu hadi bandari ya Arica, ikapakiwa kwenda Callao, ikavushwa Panama na kuishia Seville. Mtu aliyeiona Seville ya wakati huo, na nyumba yake ya biashara iliyoanzishwa mwaka 1503, aliona mji wa ajabu kuliko wa hadithi. Alichokosa kuona ndicho kilichoulipia.

Ikumbukwe kuwa Martin mwenyewe si mgeni wa jambo hili. Mji wake wa Braavos, bandari ya wakopeshaji na wapiganaji, una chimbuko tofauti kabisa. Ulianzishwa na watumwa waliotoroka milki ya Valyria, na katika A Feast for Crows, ya mwaka 2005, chimbuko la kundi la wauaji waabuduo kifo linasimuliwa kuwa lilikuwa katika machimbo ya Valyria, chini ya milima ya volkano, ambako watumwa waliteketea wakichimba madini. Hata benki kuu ya Braavos, kwa maelezo ya kitabu cha mwaka 2014 kuhusu historia ya ulimwengu huo, ilianza kwa waasisi kuficha mali yao katika mgodi wa chuma uliotelekezwa. Kwa hiyo Braavos inaukumbuka mgodi. Kumbukumbu hiyo imeingia katika dini yake, katika sheria yake ya kukataa utumwa na katika kiburi cha watu wake. Ndiyo maana mji huo unamkaa msomaji akilini kuliko White Harbor, ingawa White Harbor ina samaki na bwana mcheshi. Tofauti haitokani na wingi wa maelezo. Utajiri wa mji mmoja una historia, na wa mwingine ni sifa tu.

J. R. R. Tolkien, ambaye mara nyingi hulaumiwa kwa kutojali uchumi, alikwenda mbali zaidi kuliko wanaomlaumu. Katika sehemu ya kwanza ya The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954, fedha ya kweli iitwayo mithril inapatikana Moria, na thamani yake zamani ilikuwa mara kumi ya dhahabu. Mbilikimo waliichimba kwa tamaa, wakazidi kwenda chini, hadi wakaamsha jinamizi lililowaangamiza. Chanzo cha fedha na chanzo cha maafa ni shimo lilelile. Yafaa kukiri kwamba wachimbaji hao wanajichimbia wenyewe, hivyo suala la shokoa halijitokezi. Lakini Tolkien alielewa kwamba madini hayapatikani pasipo gharama, na gharama hiyo akaifanya kuwa msuko wenyewe.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kuwa fantasia haifungwi na uhalisi, na kwamba anayeuliza fedha ya mji wa kubuni inatoka wapi ataishia kuuliza joka linakula nini. Hoja hii ina uzito kwa kazi za kiistiara. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, au Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila ya mwaka 2002, hazijengi uchumi, wala hazidai kuujenga. Mahali pake ni hali za fikra, na kumdai mwandishi wake daftari la forodha ni kuisoma kazi kinyume cha kanuni zake. Hali ni nyingine kwa mtunzi anayechora ramani, anayetaja majina ya sarafu na viwango vya kodi. Yeye ameahidi ulimwengu unaojitosheleza kimantiki, na Tolkien ndiye aliyeutetea msimamo huo kwa nguvu zaidi katika insha yake kuhusu hadithi za kimazimwi. Msomaji wa ulimwengu kama huo ana haki ya kuuliza. Na ndiyo, ana haki ya kuuliza hata kuhusu chakula cha joka.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa miji ya pwani ya Afrika Mashariki imekwisha kuanza kutumiwa kama kielezo cha falme za kubuni, na bila shaka itatumiwa zaidi. Hatari iliyopo ni kuchukua majahazi, milango ya nakshi na vikuku vya fedha, na kuacha njia iliyovileta. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata Shanga, katika kisiwa cha Pate, sarafu ndogo za fedha zilizopigwa kuanzia karne ya 9. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, lilipatikana fuko la sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na zenye majina ya watawala wa pwani. Miji hiyo haikuwa na machimbo ya fedha nyuma yake. Madini yalikuja kwa bahari, na yaliyopigwa chapa hapa yalikuwa yamebadilishwa kwa kitu fulani. Basi swali linageuka: kama mji hauchimbi fedha, unatoa nini ili uipate? Pembe za ndovu, ndiyo, na boriti za mikoko. Na watu.

Katika karne ya 19 jibu hilo halina utata. Riale iliyoenea Unguja ilikuwa sarafu ya fedha ya Maria Theresa, iliyopigwa kwanza Austria na baadaye katika miji mingine, huku ikiendelea kubeba mwaka 1780 ambao mtawala huyo alifariki. Ililipiwa kwa karafuu zilizochumwa na watumwa, kwa pembe zilizobebwa na wapagazi kutoka bara, na kwa watu waliouzwa katika soko lililofungwa mwaka 1873. Masonara waliziyeyusha riale hizo kuwa bangili na mitali. Al-Inkishafi, utenzi mkuu kuhusu maanguko ya Pate, hauelezi biashara hiyo, kwa kuwa shabaha yake ni nyingine. Lakini hata humo, kati ya majumba yaliyong'aa, wamo watumishi wanaowahudumia mabwana waliolala. Mshairi hakuwafuta katika picha.

Mtunzi wa leo anayetaka kubuni ufalme wa pwani, wenye sultani wake, majini yake na sarafu yake mwenyewe, atalazimika kuamua mapema kama riale zake zinatoka mgodini au ng'ambo. Akichagua mgodi, atahitaji jina la mlima na la watu wanaoushukia. Akichagua ng'ambo, atahitaji kujua ni nini kilichomo ndani ya jahazi linaloondoka, si lile linalowasili tu.