Ruta na swichi za wingu: fedha iende wapi?

Mwenye duka anayehamishia hesabu zake kwenye kompyuta za kukodi, yaani huduma za wingu, hukutana mapema na bei ya vitu viwili asivyoweza kuvishika mkononi: ruta pepe na swichi pepe. Vyote ni programu, havina sanduku. Swichi huunganisha mashine za mtandao mmoja, kama uchochoro upitao kati ya vibanda vya soko moja. Ruta ni lango la soko: hupokea data na kuamua ipite njia ipi kwenda mtandao mwingine. Wauzaji hupenda kuviweka mezani kama bidhaa zinazoshindana. Hazishindani, na hapo ndipo mwenye mtaji mdogo anapopunjwa.

Swali la kwanza ni nani mwenye seva. Aliyekodi kwa Amazon, Microsoft au Google hana swichi ya kuchagua. Imo ndani ya kodi, na mpangaji haruhusiwi kuigusa. Fedha yake hutokea langoni. Huko Virginia, Marekani, Amazon hutoza senti 4.5 za dola kwa saa kwa lango la NAT, ambalo huziwezesha mashine za ndani kufika kwenye intaneti. Hizo ni karibu dola 33 kwa mwezi, mbali na senti nyingine 4.5 kwa kila gigabaiti inayopita. Tangu Februari 2024 kila anwani ya wazi ya IPv4 nayo hulipiwa nusu senti kwa saa, hata ikikaa bure. Kwa duka lenye mashine mbili, kuongeza juu ya hayo ruta pepe ya leseni ni kutupa fedha. Jedwali la njia linalotolewa na mwenye wingu linatosha, nalo halina malipo. Ruta ya kulipia ifikiriwe matawi yanapoongezeka, au data inapogawanywa kwa watoa huduma wawili.

Mwenye seva zake mwenyewe yuko katika hali nyingine kabisa. Kwake swichi ndiyo uti wa mgongo, na hatari kubwa si bei ya leo bali ni nani atakayeimiliki kesho. Cisco ilitoa swichi pepe ya Nexus 1000V mwaka 2009, ikifanya kazi ndani ya programu ya VMware. Mwaka 2017 VMware ikatangaza kuzifungia mlango swichi za kampuni nyingine, na waliojenga mitandao yao juu ya Nexus ikawabidi kuhama. Novemba 2023 Broadcom ikakamilisha kuinunua VMware yenyewe, kwa mapatano yaliyotangazwa mwaka 2022 kuwa ya dola bilioni 61. Kabla mwaka haujaisha, leseni za kununua mara moja zikasitishwa, ikabaki ada ya kulipa tena na tena.

Ndiyo maana Open vSwitch, isiyo na ada ya leseni na iliyoingizwa katika Linux mwaka 2012, inastahili kufikiriwa kwanza. (Wanaofuatilia hisa watakumbuka kuwa Nicira, kampuni iliyoianzisha, ilinunuliwa na VMware mwaka huohuo kwa dola bilioni 1.26, bidhaa ya bure haikumzuia mwenye nayo kutajirika.) Gharama yake ni fundi. Asiye na mtu wa Linux wa kumwita usiku mtandao unapokatika, afadhali akodi wingu na kulipia lango.